Uzi: Sponji ya kuoshea vyombo inayodumu huchaguliwaje?

Mwanzisha uzi

Heshima kwenu, wanajukwaa.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali la sponji linaulizwa mara nyingi humu, na majibu yake karibu yote ni mafupi: nunua ile ya kijani na njano, nunua ya bei kubwa, badilisha kila wiki. Majibu hayo hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya meza ya mchuuzi Kariakoo huku aina chungu nzima zimepangwa mbele yake, rangi zinafanana na kila moja inasifiwa kuwa ndiyo inayodumu. Natanguliza msimamo wangu ili wanaotaka kunipinga wapate pa kuanzia. Katika majiko yetu sponji hufa mapema kwa sababu mbili zinazozidi nyingine zote: hupewa kazi isiyo yake, na hulala ikiwa imeloa. Kwa hiyo anayetaka idumu aangalie kwanza vyombo vyake na moto anaopikia, kisha namna sponji yenyewe inavyokauka, na bei aiulize mwisho.

Tuanze na ile iliyozoeleka. Upande wake laini ni povu la poliyurethani, ambayo ni aina ya plastiki. Upande mgumu wa kijani ni nyuzi za nailoni au poliesta zilizovurugwa pamoja bila kufumwa, zikashikanishwa kwa gundi ya kiwandani iliyochanganywa na unga wa kukwaruza. Unga huo mara nyingi ni oksidi ya alumini, ambayo kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10, iko kwenye 9. Kioo kiko karibu na 5.5, na alumini ya sufuria zetu haifiki 3. Maana yake ni kwamba upande wa kijani unaweza kuchubua karibu kila chombo kilichomo jikoni, na wakati huohuo wenyewe unapoteza unga wake kidogo kidogo hadi unabaki kitambaa kisichokwangua chochote. Mtu anapolalamika kwamba sponji "imeisha makali", kilichotokea ni hicho.

Aina ya pili, ambayo huonekana zaidi kwenye maduka makubwa, ni ya selulosi, yaani imetengenezwa kwa nyuzi za mti. Ikikauka huwa ngumu kama ubao, ikilowa hulainika na kuvimba. Hunyonya maji mengi kuliko povu, kwa hiyo inafaa sana kufutia meza na karo, lakini kwa kuwa ni kitu cha asili, bakteria wanaweza kuila na dawa ya kung'arishia nguo huidhoofisha. Mahali penye joto na unyevunyevu kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, selulosi inayoachwa chini ya beseni haifiki mbali. Sitamshauri mtu wa pwani aitegemee kwa kuosha vyombo, ingawa ni bidhaa nzuri.

Sasa namna ya kuichunguza kabla hujalipa. Ikiwa muuzaji anaruhusu uishike, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada hadi vidole vikaribie kukutana, kisha iachie. Povu zito hurudi palepale na kushika umbo lake. Povu hafifu hurudi polepole na kubakiza kibonyeo. Itazame upande wa ubavuni: matundu madogo yanayolingana ni dalili njema, na matundu makubwa yaliyochanganyika na madogo yanakuambia itaanza kumeguka kutokea hapo. Kisha shika kona ya upande wa kijani na uuvute kidogo kutoka kwenye povu. Pale pande mbili zilipounganishwa kwa gundi hafifu utaona mstari unaong'aa, mgumu, na kona itaanza kubanduka mkononi mwako. Mwisho, pitisha ukucha kwenye upande wa kijani mara mbili tatu. Kukibaki vumbi la kijani chini ya ukucha, jua kwamba unga haukushikwa vizuri na utaondoka na maji ya siku za mwanzo.

Pakiti za sponji kumi zilizobanwa kwa nailoni sizikatazi, lakini zinyanyue. Pakiti isiyo na uzito wowote ndani yake kuna hewa nyingi na povu kidogo.

Unene nao una maana yake. Watu wengi huchagua sponji nene wakiamini kwamba itachukua muda mrefu kuisha. Sponji nene haikauki katikati. Hukauka juu, mkono ukadhani iko sawa, na ndani maji ya jana yamekaa pamoja na mabaki ya mchuzi. Mimi hukata sponji nene katikati kwa kisu chenye makali kabla haijaguswa na maji. Kila nusu inatosha kiganjani, inaingia ndani ya kikombe bila kujikunja, na inakauka mapema zaidi.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu wa majiko makubwa, wakulima wa madodoki, na yeyote mwenye hoja tofauti, karibuni.

Mama Lishe wa Mwanza

Nimekuelewa, ndugu mwanzisha uzi, na jaribio la ukucha nitalifanya. Ila maelezo yako yanamfaa zaidi mwenye jiko la gesi. Mimi napikia mkaa, na siku za shughuli napikia kuni. Sufuria zangu ni za alumini, zile kubwa za kupikia wali na maharage ya watu wengi, na zinarudi zikiwa na masizi nje na ukoko ndani. Sponji yoyote ninayompa binti anayenisaidia inakuwa nyeusi na kuchanika kabla ya siku kwisha. Tukahamia kwenye stilwaya, nayo inakatika vipande vidogo, na mwezi uliopita kipande kimoja kilionekana kwenye sahani ya mteja. Nilimwomba radhi na kumrudishia fedha, lakini jambo lile bado linaniuma. Je, kuna kitu kinachodumu kwa kazi kama yangu?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, asante kwa swali hili, kwa maana ndilo lililonifanya niseme kwamba sponji hupewa kazi isiyo yake. Masizi na ukoko ni kazi mbili tofauti, na hakuna hata moja kati yake iliyo ya sponji.

Masizi yazuie kabla hayajashika. Mama zetu wanaopikia kuni walikuwa wakipaka nje ya sufuria udongo mwepesi au majivu yaliyokorogwa na maji kabla ya kuiinjika, na wengine siku hizi hupaka sabuni ya kipande iliyoloweshwa kidogo. Masizi yanakaa juu ya ule upako na si juu ya chuma, na wakati wa kuosha yote yanaondoka kwa maji na kitambaa kikuukuu. Kwa sufuria zako kubwa kazi hiyo haizidi dakika moja kwa kila sufuria, na itaokoa sponji nyingi kuliko ushauri wowote nitakaokupa kuhusu kununua.

Yaliyokwisha kushika yaondoe kwa majivu. Majivu ya kuni yana chumvi ya potasiamu ambayo ikikutana na maji na mafuta hufanya kazi inayokaribiana na ya sabuni, na chembe zake zinakwaruza bila ukali wa mchanga. Yachekeche kwanza ili uondoe vipande vya mkaa. Tahadhari yangu ni moja: usiache majivu yaliyoloa yamekaa juu ya alumini usiku kucha, kwa sababu magadi yaliyomo hula alumini. Sugua, suuza, maliza.

Ukoko unahitaji muda zaidi kuliko nguvu. Mara tu unapopakua, mimina maji ndani ya sufuria ikiwa ingali na moto wa jikoni, funika, na iache wakati unahudumia wateja. Ukoko wa wali na wa ugali ni wanga uliokauka, na wanga ukirudishiwa maji hulegea wenyewe. Kinachobaki kwanguliwe kwa mwiko wa mbao. Ukifika hapo, sponji ya kawaida inamalizia bila kuumia.

Kuhusu stilwaya, kuna mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile ya nyuzi nyembamba sana zilizosokotana kama pamba. Hiyo ni chuma cha kawaida, inashika kutu usiku mmoja, na nyuzi zake hukatika kwa kila msuguo. Jikoni kwa biashara ningeiondoa kabisa, kwa sababu hiyohiyo uliyoieleza. Ya pili ni ya utepe mwembamba bapa uliojiviringisha kama nywele za kujikunja, nayo ikiwa ya chuma kisichoshika kutu hudumu muda mrefu sana na ni nadra kukatika. Tatizo ni kwamba sokoni zipo za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki tu, na macho hayatofautishi. Nunua moja, itie kwenye kikombe cha maji yenye chumvi nyingi, iache ilale humo nusu ikiwa nje ya maji. Ikiamka na madoa ya rangi ya hudhurungi, usiendelee kununua za mfuko ule. Na hata iliyofaulu, ikague kila asubuhi kwa kuinyoosha kidogo. Utepe ulioanza kukatika unachoma kidole, na siku hiyo ndiyo siku ya kuitupa.

Kijana wa Sinza

Mkuu, naheshimu maelezo yako, lakini naona hoja yenyewe ya kutafuta sponji inayodumu ina kasoro. Wataalamu wa afya wanasema sponji ni makazi ya bakteria. Nilisoma kwamba watafiti wa Ujerumani walishauri ibadilishwe kila wiki. Kama inapaswa kutupwa kila wiki, kwa nini nilipe zaidi kwa ajili ya sponji imara? Nanunua za bei ya chini, natupa, nanunua nyingine. Ukiniambia nitunze sponji miezi miwili, unaniambia nitunze vijidudu.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito na naijibu kwa urefu, ndugu yangu.

Utafiti unaoutaja ulichapishwa mwaka 2017 na watafiti wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Furtwangen. Walichunguza sponji 14 zilizokwisha kutumika majumbani na wakakuta sehemu zenye bakteria zaidi ya bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo. Kilichowashtua wengi ni jambo la pili: sponji ambazo wenyewe walisema huzisafisha mara kwa mara kwa kuzichemsha au kuzitia kwenye maikrowevu hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine. Ndiyo maana wakashauri zibadilishwe, kwa mfano kila wiki.

Miaka kumi kabla yake, mwaka 2007, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wamepima njia za kuua bakteria hao. Dakika moja ya maikrowevu kwa sponji iliyoloa iliua asilimia 99.99999. Kulowekwa kwa dakika tatu katika dawa ya klorini, juisi ya limau au maji matupu kuliua kati ya asilimia 37 na 87 tu. Tafiti hizi mbili zinaonekana kugombana, ila ukizisoma pamoja zinakubaliana vizuri: unaweza kuua karibu wote kwa dakika moja, lakini wachache waliobaki, wakikuta unyevu na mabaki ya chakula, wanaijaza sponji upya kwa muda mfupi. Kinachoamua ni hali ya sponji katika saa zile ambazo haitumiki.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Sponji ya bei ya chini yenye povu hafifu huanza kumeguka ndani ya siku chache, na kila mpasuko ni pango la kuhifadhi mchuzi. Inakuwa chafu mapema kuliko iliyo imara. Isitoshe, vipande vinavyomeguka ni plastiki inayokwenda na maji machafu. Sponji imara inayosuuzwa hadi isitoe povu, ikakamuliwa kwa nguvu na kuwekwa mahali pa kupitisha upepo inakaa safi zaidi katika muda wake wote, na muda huo sikusema ni miezi miwili. Ikianza kutoa uvundo hata baada ya kusuuzwa, iondoe kwenye vyombo siku hiyohiyo, haidhuru ni nzima kiasi gani. Iliyogusa damu ya kuku au maji ya samaki isirudi kwenye vikombe; afadhali uchafu huo kuumwagia maji ya moto na kuufuta kwa kitambaa kitakachofuliwa.

Watafiti wa Nofima, taasisi ya chakula ya Norwe, nao walilinganisha sponji na brashi za kuoshea vyombo, wakakuta bakteria wa salmonela wanadumu vizuri kwenye sponji yenye unyevu lakini wanakufa haraka kwenye brashi inayoachwa ikauke. Kama wasiwasi wako mkubwa ni vijidudu, basi jibu lako ni brashi yenye mpini, na itadumu kuliko pakiti nzima ya sponji unazotupa.

Kuhusu maikrowevu, asiye na uhakika asijaribu. Sponji kavu inaweza kushika moto ndani yake, na yoyote yenye nyuzi za chuma haipaswi kuingia humo kabisa. Kuchemsha kunafaa, ingawa maji yanayochemka hulegeza gundi ya sponji zile zilizobanduka kona kwa kuvutwa.

Kijana wa Sinza

Nimekubali kuhusu brashi. Je, kuanika juani hakutoshi? Jua tunalo bure.

Mwanzisha uzi

Jua linasaidia kwa sababu linakausha haraka, lakini mwanga mkali wa jua unaiunguza poliyurethani. Tazama povu la godoro lililoachwa nje: linageuka manjano, kisha ukiligusa linatoka unga. Sponji inayoanikwa juani kutwa hupatwa na jambo hilohilo. Iweke kwenye kivuli chenye upepo, isimame kwa ubavu wake ili hewa ipite pande zote mbili. Wenye uchanja wa vyombo wa miti uani wanayo nafasi bora kuliko zote, kwa kuwa maji yanadondoka chini na upepo unapita katikati ya fito. Jikoni ndani, itobolee kona moja na uitundike kwenye msumari au ndoano kwa uzi. Adui ni kile kisahani cha sabuni ambacho maji hutuama ndani yake, na pia kopo la sabuni ya maji ambalo wengi huiacha sponji ikielea humo hadi mlo unaofuata.

Mkonge wa Tanga

Salaam kwenu. Nashangaa uzi umefika hapa bila kutaja katani na makumbi, wakati sisi wa Tanga tumekua tukisugulia hivyo. Mkonge ulifika kwetu mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche yote aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai Pangani. Kutokana na hiyo michache yalikuja mashamba yote mnayoyaona njiani kuelekea Korogwe. Bonge la nyuzi za katani lililofungwa kwa uzi wake mwenyewe linakwangua sufuria vizuri, halina plastiki, na bei yake haimwumizi mtu. Kumbi la nazi ndilo kabisa, halina bei. Unalipasua, unapondaponda ncha yake kwa jiwe mpaka nyuzi zifunguke, unasugua.

Mwanzisha uzi

Umenikumbusha jambo la msingi, na naunga mkono, kwa nyongeza moja inayohusu kudumu. Nyuzi za makumbi zina lignini nyingi, kitu kilekile kinachoupa mti ugumu wake, na hicho ndicho kinachozifanya zistahimili maji. Wanawake wa Zanzibar hufukia makumbi kwenye matope ya ufukweni kwa miezi, nyama ya kumbi ikaoza na nyuzi zikabaki nzima, tayari kwa kusokota kamba. Katani haina lignini nyingi kama makumbi, hunyonya maji haraka, na ikiachwa na unyevu huoza mapema. Kwa hiyo, kwa sufuria inayooshwa mara moja kwa siku na kifaa kinachopata muda wa kukauka, katani inafaa sana. Kwa jiko la biashara ambalo kifaa hakikauki tangu alfajiri, ningechagua makumbi.

Vyote viwili viepushwe na glasi na vyombo vilivyopakwa rangi.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Na mimi naongeza neno kuhusu dodoki, kwa kuwa nimelipanda uani kwangu miaka mingi na nimewauzia majirani. Dodoki ni jamaa wa tango na boga, mmea wake unatambaa, unataka uzio au mti wa kupandia, na ukishashika hauna kazi. Kosa wanalofanya watu ni kulichuma bichi. Dodoki bichi nyuzi zake hazijakomaa. Ukilimenya linaonekana zuri, jeupe, lakini halimalizi wiki jikoni. Liache mtini hadi ganda ligeuke rangi ya udongo, liwe jepesi, na ukilitikisa mbegu zigonge ndani. Hapo ganda linabanduka kwa kidole. Likung'ute mbegu zitoke kwa chini, lisuuze kwa maji mengi mpaka utelezi uishe, kisha lianike. Mnunuzi naye aangalie rangi: lililo jeupe kupita kiasi limetiwa dawa na limeshadhoofika, na lenye madoa meusi lilikaushwa vibaya. Zuri lina rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, na ukilibonyeza likavu linakataa.

Watu wananiuliza pia kuhusu sponji za baharini zinazolimwa na akina mama wa Jambiani. Hizo ni nzuri kwa kuogea na kwa uso, na kazi ya wale akina mama naithamini sana, lakini kuzisugulia sufuria ni kuziharibu.

Mwanzisha uzi

Shikamoo, Bi Mkubwa. Maelezo haya hayapatikani dukani, na nawaomba wasomaji wayahifadhi.

Dodoki ndilo ninalolitumia mwenyewe kwa sahani na vikombe vya kila siku, na sababu yake ni ileile ya kukauka. Ukilikata kwa upana unaona njia zilizo wazi tangu juu hadi chini. Maji hayana pa kutuama. Hulikata vipande vya urefu wa kiganja, nikapasua kila kipande upande mmoja na kukifungua kiwe bapa, ndipo kinapojikunja ndani ya bilauri bila shida. Siku ya kwanza ni gumu na linakera mkono, kwa hiyo liloweke katika maji ya moto kabla ya kulitumia. Halina unga wa kukwaruza, ndiyo maana haliwezi ukoko uliokauka, na mtu asilitegemee kwa kazi hiyo. Likichoka hutupwa shambani, linaoza.

Mpishi wa Nairobi

Asanteni nyote. Mimi nina kikaango kisichoshika chakula na sahani za melamini, zile za plastiki ngumu, ambazo zimeanza kufifia na kushika rangi ya manjano ya bizari. Nimekuwa nikitumia upande wa kijani kwa vyote viwili. Pia nimeona zile sponji nyeupe zinazofuta madoa ukutani bila sabuni. Je, zinafaa kwa sahani hizo?

Mwanzisha uzi

Ndugu, upande wa kijani usikaribie vyombo hivyo tena. Kikaango chako kimepakwa utando mwembamba wa plastiki ngumu, na unga wa kukwaruza unaukata mistari midogo. Chakula kinaanza kushika palepale kwenye mistari. Kioshe kikishapoa, kwa upande laini au dodoki lililolainika. Kama ni lazima ununue sponji yenye upande wa kusugulia, tafuta iliyoandikwa kwamba haikwaruzi, ambayo nyingi huwa na upande wa buluu au mweupe. Usiishie kwenye rangi, kwa sababu kila kiwanda hupaka kinavyotaka. Isugue kwanza mgongoni mwa kijiko cha zamani kinachong'aa, uone kama inaacha alama.

Sahani za melamini zinang'aa kwa sababu uso wake ni laini sana. Ukiuchubua, bizari na chai vinapata pa kuingia, na ukisugua zaidi ili utoe doa unachimba pa kuingilia doa jingine. Zile sponji nyeupe ni povu gumu la melamini pia, nazo hufanya kazi ya msasa laini sana. Zinaisha kwa kusagika, hivyo hazihusiani na kudumu, na si za kuoshea vyombo vya chakula. Mng'ao uliokwisha kuondoka haurudi, kwa hiyo sahani zilizofifia sana zipumzishe, na mpya zioshwe kwa kitu laini tangu siku ya kwanza.

Mama Lishe wa Mwanza

Nimerudi kutoa taarifa. Nilinunua stilwaya za utepe kwa wachuuzi wawili na kuzilaza kwenye maji ya chumvi kama ulivyoelekeza. Moja iliamka na kutu hadi maji yakabadilika rangi, nyingine haikuwa na doa. Na zilikuwa za bei moja. Sufuria za kuni tumeanza kuzipaka majivu kabla ya kuinjika, na binti ameniambia mwenyewe kwamba kuosha kumekuwa kwepesi. Nauliza la mwisho: hiyo iliyoshika kutu niitupe?

Mwanzisha uzi

Hongera, dada, na mwambie mchuuzi wa ile nzima akuwekee kadhaa za mfuko uleule. Hiyo yenye kutu usiiache karibu na vyombo vya chakula. Kama una jiko la mkaa lenye wavu ulioganda mafuta, imalizie huko, ukiwa umevaa glavu au kitambaa mkononi, kisha wavu uumwagie maji ya moto na uufute kabla ya kuurudisha. Vinginevyo ifunge kwenye gazeti kabla ya kuitupa, isimchome anayezoa taka.